Alimwita Bibi Yangu Mwenye Njaa

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mkazi wa Bombambili hapa Songea, na kazi yangu ni kupiga picha. Napiga za kipaimara, za harusi, za vitambulisho. Nawaandikia haya bila kujificha, maana anayestahili kuona aibu si mimi!

Festo alikuwa mchumba wangu. Miaka hii ya soko huria kila mtu anafungua kitu mjini, na yeye alifungua intaneti kafe. Mashine chache tu, na laini ya simu inayokatika kila mvua ikinyesha. Lakini ndugu zangu... nilichokiona humo! Picha za watu wa nchi nisizozijua, zikishuka kwenye kioo polepole, kwanza nywele, halafu macho, halafu tabasamu. Na kurasa zenyewe zilivyopangwa! Nyeusi tupu, picha moja katikati, imetulia. Nilikodoa macho mpaka chai ikapoa. Nikasema, kumbe na sisi tunaweza!

Nilikuwa na picha moja niliyoipenda kuliko zote. Bibi yangu mzaa mama, wa Mjimwema, amekaa mlangoni kwake, kinywa wazi, hana jino hata moja, anacheka mpaka machozi. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Ananiita mke mwenzangu, naye Festo, bibi alimwita mume wetu. Siku ile alikuwa ananitania kwamba Festo alimposa yeye, mimi nimedandia tu. Kicheko kile bibi hampi mtu baki.

Nikampa Festo picha hiyo, nikamchorea na ukurasa kwenye karatasi: rangi nyeusi, picha katikati, chini jina la bibi na langu. Yeye ndiye aliyejua lugha ya kompyuta ya kutengeneza kurasa. Anuani ya barua pepe tukaweka ya kafe, kama walivyofanya wateja wote. Barua yako ikija, mwenye kafe anaichapa na kukuwekea mpaka upite. Nani angehangaika kufungua yake, wakati mwenye kafe ni mchumba wake?

Muda ukapita. Nikiuliza, Festo anasema hakuna aliyeandika. Nikitaka kuufungua ukurasa, laini mbovu. Kanisani ndoa yetu ikatangazwa mara ya kwanza, ikatangazwa mara ya pili...

Ndipo akashikwa na malaria, akaniomba nimshikie kafe. Asubuhi hiyo laini ilikuwa nzima. Nikaufungua.

Jina la kwanza kushuka lilikuwa la Festo. Ati mpiga picha ni Festo! Halafu ikaja picha ya bibi. Chini yake, kwa Kiingereza ambacho hata mimi wa kidato cha nne nilikielewa, ameandika: mwanamke anayekufa kwa njaa, Ruvuma.

Njaa! Ruvuma hii inayolisha mikoa mingine mahindi! Bibi yangu, ambaye hata mwezi wa pili, maghala ya wengi yakiwa matupu, hajawahi kwenda kwa jirani kuomba unga! Nikafungua na barua. Zilikuwepo, watu wa nje wakimsifu na kumwomba picha zaidi za dhiki kama ile. Na yeye alikuwa amewajibu, anaahidi kuwatumia.

Nilimfuata kitandani kwake. Mnajua alinijibu nini?

"Hiyo biashara, mpenzi. Kicheko cha bibi kizee nani atakitazama? Tukishaoana si vyetu wote?"

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa paroko, nikamwomba tangazo la tatu asilisome. Jumapili watu wakageuza shingo. Kina mama wa jumuiya wakanifuata nyumbani: "We mtoto, unavunja ndoa kwa ajili ya picha tu?" Mama yangu alilia, akasema nimemvua nguo mbele za watu. Niliumia, sikatai. Lakini nirudi nyuma? Kwa lipi?

Aliyenitia moyo ni bibi mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote.

"Njaa? Mimi?" akasema. "Mwambie aje anyanyue gunia langu moja la mahindi, tuone nani ataanguka. Mke mwenzangu, mume huyo hata mimi simtaki."

Nikajifunza ile lugha ya kompyuta mwenyewe, kwenye kafe nyingine, nikikosea na kurudia. Leo ukurasa wangu upo, na bibi yumo kwa jina lake kamili. Nikawaandikia ukweli wale waliomsifu Festo. Wachache walijibu. Lakini ile picha yenye uongo imeshachukuliwa na wengine, inatembea huko nisikokujua, na siwezi kuirudisha. Hilo linaniuma mpaka leo!

Ndugu zangu, hasa wasichana, vitu vizuri mnavyoviona waonyesheni watu, msiogope! Ila fungua anuani yako, jina lako liandike mwenyewe, hata kama mwenye mashine ameshakuvisha pete. Atakayekwambia ni kitu kidogo, muulize mbona yeye anakitaka.

Na wewe Festo, najua utasoma hapa. Usinitumie tena wazee kuniomba radhi. Futa kwanza lile neno chini ya uso wa bibi yangu!