Kiwanja cha Barafu cha Kaka Soren

Majira ya baridi yalipoingia mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, kuoga nyumbani kwetu kulikuwa na kazi yake. Ndani ya hodhi la kuogea kulilala mpira mrefu wa maji, kwa sababu ukiachwa nje uliganda na kupasuka. Mwenye mpira alikuwa kaka yangu, Soren.

“Soren! Njoo utoe lidudu lako, nachelewa kazini!” Mama alipiga kelele karibu kila asubuhi.

“Nakuja, Mama! Nilikuwa naliyeyusha tu.”

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naye kumi na saba. Kabla ya kwenda shule alivaa makoti mawili, akauburuta mpira hadi kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, akanyunyizia maji theluji aliyoishindilia kwa miguu. Alimwaga kidogo kidogo, kwa sababu maji mengi kwa mara moja hufanya barafu yenye nyufa. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni huku nikila uji. Mvuke ulimzunguka, na nyusi zake ziligeuka nyeupe kama za mzee. Mpaka leo nikiikumbuka sura ile, natamani kurudi kwenye dirisha lile, hata kwa asubuhi moja tu.

Tukitoka shule, watoto wa mtaa mzima walikuja kuteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma. Soren aliwafunga wadogo kamba za viatu, akawaamua waliogombana, akawazuia wakubwa wasiwaangushe wenzao. Baba alikuwa baharia wa meli ya madini katika Ziwa Superior. Hakurudi nyumbani mpaka ziwa lilipoganda na meli kufungwa bandarini. Yeye ndiye aliyemfundisha Soren kazi ile ya barafu, lakini kila Desemba Soren aliifanya peke yake.

Mwaka ule Soren alikuwa akiomba nafasi katika vyuo viwili, asomee uhandisi. Alasiri moja alikaa mezani na rafiki yake Dustin, fomu ya maombi mbele yao. Sehemu moja ilimtaka ataje shughuli anazofanya nje ya masomo.

“Mimi sina kitu,” Soren alisema. “Sijui kupiga hata filimbi. Timu ya hoki nayo ilinikataa.”

“Ilikukataa kwa sababu unateleza kama ng'ombe,” Dustin akacheka. “Sikiliza, bwana. Andika wewe ni makamu mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira. Nani atakuja kuuliza?”

“Si uandike kiwanja chako?” nilidakia.

“Britta, hayo ni mambo ya kujifurahisha tu,” Soren akanijibu. “Chuo kinataka watu wenye vyeo. Hakitaki mtu anayemwaga maji nyuma ya nyumba.”

Akaandika alivyoambiwa. Nilipokaribia kuchungulia, alifunika karatasi kwa kiganja.

Fomu ilipaswa kupitia kwa Mwalimu Petrich, mshauri wa wanafunzi, ili aiambatanishe na barua yake. Siku chache baadaye alimwita Soren ofisini. Kaka alitusimulia yote jioni ile, macho yakiwa kwenye sahani.

“Hongera kwa kuwa makamu mwenyekiti,” Mwalimu Petrich alikuwa amemwambia. “Klabu yenu inakutana siku gani?”

“Alhamisi, mwalimu. Mara nyingi.”

“Ajabu! Mlezi wa klabu hiyo ni mimi, na mwaka huu haijakutana hata mara moja.”

Soren alisema alitamani sakafu ipasuke immeze. Alifikiri atafukuzwa pale pale. Lakini mwalimu aliitazama mikono yake, akauliza, “Mikono yako imefanya nini? Mbona imechanika hivyo?”

“Ni baridi na maji, mwalimu. Natengeneza barafu ya watoto wa mtaani. Si shughuli. Ni kitu ninachopenda tu.”

“Tangu lini?”

“Tangu nikiwa mdogo. Baba huwa melini.”

“Jumamosi nitakuja kuiona,” mwalimu alisema. “Na hii fomu nakurudishia. Sitaweka jina langu chini ya uongo.”

Mama aliweka uma mezani. “Soren Halvorsen! Baba yako akipiga simu, utamwambia mwenyewe.”

Baba alipopiga simu, Soren alimwambia. Sikusikia Baba alijibu nini, ila nilimwona kaka akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Jumamosi Mwalimu Petrich alikuja, viatu vya kuteleza vikiwa vimening'inia begani.

“Mwalimu, unajua?” watoto waliuliza.

“Nilijua zamani!” alisema, akaingia, na mara akaanguka chali. Watoto waliangua kicheko. Soren akamwinua, akamshika mkono, akamzungusha taratibu kama alivyowazungusha watoto wa miaka minne. Baadaye mwalimu alimuuliza kwa nini barafu yake ilikuwa laini kuliko ya bustani ya mji. Soren akaeleza habari za maji ya moto, upepo na unene wa tabaka, akaongea mpaka midomo ikawa ya bluu.

“Hayo hayo,” mwalimu akasema. “Kaandike hayo hayo.”

Akaandika upya.

Mwishoni mwa Machi majibu yalifika. Chuo kimoja kilimkataa, kingine kikamkubali. Mama alimwalika Mwalimu Petrich kwa kahawa na mkate wa iliki. Baba naye alikuwapo, siku chache kabla ya kurudi melini.

“Wale walionikataa,” Soren aliuliza, “unadhani wangenichukua kwa kile cheo cha klabu alichonibunia Dustin?”

“Huenda,” mwalimu alijibu. “Lakini wangekuwa wamemchukua kijana mwingine, aliyetengenezwa na Dustin. Wewe ungekwenda kuishi kwa jina lake miaka yote ya chuo, ukiogopa kuulizwa mikutano ni siku gani. Unachokipenda na kukitunza bila kulazimishwa na mtu kina thamani kuliko cheo cha kubuni. Usikionee haya, wala usikitie chumvi. Kiseme kilivyo.”

Baba akamkatia Soren kipande kikubwa cha mkate, akamwekea kwenye sahani.

“Umesikia, mhandisi?” akasema. “Kula.”