Taa ya Nyuma Ilikuwa ya Kefa

Taa ya dainamo haiwaki gurudumu likiwa limesimama. Hata mtoto wa Kichiwa aliyewahi kusukuma baiskeli ya baba yake anajua hilo. Gurudumu lizunguke, dainamo isuguane na tairi, ndipo taa iwake. Ukisimama tu, inazimika. Kwa hiyo Hulda alipoinua macho kutoka kwenye chungu cha maharage jioni ile, akaona taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli ya mumewe inawaka pale ukutani ilipoegemezwa, alidhani ni moto wa mafiga unaong'aa kwenye kioo. Akasogea akaukinga moto kwa mwili wake. Taa ikaendelea kuwaka, ndogo, imetulia, na gurudumu halikuwa limetikisika hata kidogo.

Mumewe, Enoki, alikuwa ameinama anavua viatu vyake vya matope. Hulda alimwita kwa sauti ya chini, aitazame ile baiskeli. Enoki alipogeuka taa ilikuwa imekwisha kuzimika. Akamwambia mkewe macho yamechoshwa na moshi, akaomba chakula.

Lakini harufu ilibaki. Maua makavu ya pareto yana harufu ya kukereketa puani, haifanani na kitu kingine, na nyumba ile haikuwa imeingiza gunia la pareto tangu Kefa alipozikwa.

Watu wa pwani wana majini yao, yanayotoka huko yatokako na kuingia nyumba za watu wasiojuana nayo. Wana bahati. Sisi wa huku juu wanaotutesa ni wale tuliokula nao sahani moja.

Kefa alikuwa mdogo wake Enoki, wa kumfuata ziwa. Ndugu hao walikuwa wakibeba pareto kwa baiskeli kutoka mashamba ya Kichiwa hadi ghalani Makambako, na ilibidi watoke alfajiri, ukungu ukiwa umelala barabarani hivi kwamba mtu haoni mpini wa baiskeli anayoiendesha. Enoki alikuwa mtu mzito, na kiti cha baiskeli yake kililia kwi, kwi, kwi kila alipokanyaga. Baiskeli ya Kefa ilikuwa kuukuu, gurudumu lake la nyuma linatoa mlio, tiki, tiki, tiki, nyuma ya kaka yake njia nzima. Malori yalikuwa yameanza kuwa mengi kati ya Njombe na Makambako, na watu wa baiskeli walikuwa wanagongwa kama kuku. Ndipo serikali ya Mwingereza ikaamuru kila baiskeli iwe na kitu chekundu nyuma.

Basi wakaenda dukani kwa Hilari, Makambako, na Hulda akafuatana nao kwa sababu alikuwa na mayai ya kuuza. Hilari aliwawekea mezani alivyokuwa navyo. Taa ya betri alikataa mwenyewe kuwauzia, akasema baridi ya huku inaua betri kabla hujafika popote. Vikabaki viwili. Kimoja ni dainamo yenye taa nyekundu ya nyuma, ya mwisho dukani. Kingine ni kioo chekundu cha kufunga kwenye madigadi, kisicho na moto wake, kinachong'aa tu pale taa za gari zinapokimulika.

Hilari akauliza nani kati yao huwa nyuma. Kefa akajibu kwamba ni yeye, na Hilari hakuhitaji kuelezwa sababu. Huku kwetu mdogo hamtangulii mkubwa njiani, awe kwa miguu au kwa baiskeli. Kumpita kaka yako ni kumwambia watu wakuone wewe kwanza.

"Basi taa ni yako," Hilari alimwambia Kefa. "Gari linamkuta wa nyuma kwanza. Na hicho kioo, gunia likilegea kidogo tu, limekifunika."

Enoki aliigeuzageuza ile dainamo mkononi. Mtu mzima hawezi kusema naitaka mimi. Aliyesema ni Hulda.

"Yaani shemeji aende na taa, na mume wangu, mtu mkubwa, aende na kipande cha chupa? Watu watatuonaje?"

Kefa akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, yule. "Taa ni ya kaka, shemeji. Mimi nitaufuata mwanga wake, sitapotea."

Hakupotea, kweli. Lori lilimkuta kwenye ukungu, asubuhi, nyuma ya kaka yake. Gunia lilikuwa limelegea likakifunika kile kioo chote. Dereva alisema mbele ya watu, "Niliona taa nyekundu mbele, nikaishikilia kwa macho. Sikumwona aliyekuwa nyuma yake." Na Enoki hata hakujua. Aliendelea kukanyaga, mpaka alipogundua kwamba ule mlio wa tiki, tiki umekoma muda mrefu. Aliporudi alimkuta mdogo wake amelala katikati ya barabara, amefunikwa maua ya pareto mwili mzima, kama mtu aliyepambwa.

Walimzika vizuri, na nyimbo, na mwinjilisti akasema maneno mazuri. Habari ya taa hakuna aliyeitaja. Enoki akaendelea kuitumia. Hapo ndipo ninapowachukia kidogo, ingawa ni watu wetu.

Baada ya jioni ile taa ilipowaka ukutani, mlio ukaanza. Jua likizama, Hulda alikuwa akisikia tiki, tiki, tiki ikizunguka nyumba, taratibu, kama mtu anayesukuma baiskeli akitafuta mahali pa kuiegemeza. Akifungua mlango hapana mtu. Enoki naye akawa anarudi kutoka Makambako amelowa jasho, keria tupu. Mwanzoni hakusema. Baadaye alimnong'oneza mkewe kwamba kwenye mteremko huacha kukanyaga, baiskeli ikateleza yenyewe, na nyuma yake husikia mtu anakanyaga.

"Umegeuka kutazama?" Hulda aliuliza.

"Sijageuka, Mama Anyisile. Na usiniambie nigeuke."

Asubuhi iliyofuata Hulda aliamua kuona kwa macho yake. Alimsindikiza mumewe mpaka barabarani, akasimama akiitazama taa ile nyekundu ikienda, ikipungua, ikimezwa na ukungu, akawa anajisemea moyoni kwamba huo ni uoga wa wafiwa tu na kwamba taa ni taa, na hapo hapo ile harufu ya pareto ikampita usoni, kali, ya karibu, na kitu kikapita kati yake na taa, kirefu, cheusi, kimeinama kama anavyoinama mtu aliyeshika mpini wa baiskeli, taa ikafichika nyuma ya mgongo wake, ikaonekana, ikafichika tena kwa kila kanyagio, na tiki, tiki, tiki ikawa inafifia kuelekea Makambako nyuma ya mume wake, mpaka pakabaki ukungu mtupu na Hulda amesimama mikono kichwani, hawezi kupiga kelele kwa sababu hakuwa na jina la kuita isipokuwa la shemeji yake.

Siku hiyo hiyo alikwenda Mdandu kwa Oktavia, mama mmoja aliyejua mambo ya waliotangulia. Alipita njia za mashambani, wazee wa kanisa wasimwone. Oktavia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taa ilikuwa ya nani.

"Ya mume wangu."

"Nimekuuliza ilikuwa ya nani."

Hulda akalia, akasema ilikuwa ya Kefa.

Oktavia hakumgombeza. Alimwambia mambo ni mawili na yafanyike pamoja. Taa irudishwe kaburini kwa mwenyewe. Na yule mkubwa aende kwa miguu yake, amwage ulanzi, aseme kwa mdomo wake: mdogo wangu, nimekosa, pita mbele. "Ukimpa taa bila maneno ya kaka yake," alisema, "umempa mtu mwenye hasira taa ya kutembelea. Usithubutu."

Enoki alikataa. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kumwagia kaburi pombe. Hilo lingeweza kujadiliwa. Kilichomkwamisha hasa kilikuwa kingine, na kilimtoka kwa uchungu.

"Kefa nimembeba mgongoni mimi. Leo nimwambie apite mbele yangu?" Kisha akamtazama mkewe. "Na dukani aliyesema ni nani? Mimi nilifungua mdomo?"

Tangu msiba Hulda alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe usiku na mchana, kipande cha chupa, watu watatuonaje, na alichotaka sasa ni kimoja tu: mume wake aende Makambako na arudi. Akaona kwamba kama yeye ndiye aliyesema, basi kusema tena ni kazi yake.

Jioni, Enoki akiwa kwenye kikao cha kanisa, alichukua spana akaifungua ile taa. Akaenda nayo kaburini pamoja na kibuyu cha ulanzi. Alimwaga, akapiga magoti, akaiweka taa juu ya udongo.

"Shemeji, ni mimi niliyesema. Taa ni yako. Mwache mume wangu."

Alirudi nyumbani akakuta pamenyamaza. Hakuna mlio wala harufu. Enoki aliporudi alikuwa bado na kinyongo, akalala bila kumsemesha, na Hulda akaahirisha kumwambia. Alipanga amwambie asubuhi, amzuie asitoke mpaka wapate taa nyingine. Akajilaza. Ule usingizi uliomkataa tangu msiba ukaja wote kwa pamoja, mzito, mtamu, na ndio uliomponza.

Alipoamka kitanda upande wa pili kilikuwa baridi, na nje ukungu umejaa mpaka mlangoni. Enoki alikuwa amekwisha kwenda. Hakuona kwamba taa haipo. Nani huitazama taa yake ya nyuma? Ile huwa ni ya macho ya watu wengine.

Walimleta kabla ukungu haujaondoka. Dereva alikuwa mwingine, mtu wa mbali, hakujua lolote la nyumba ile. Alisimama uani anazungusha kofia mikononi.

"Mama, niliona taa nyekundu mbele, nikaishikilia kwa macho. Sikumwona aliyekuwa nyuma yake."

Watu wakamwambia baiskeli ilikuwa moja, marehemu alikuwa peke yake, hapakuwa na taa yoyote. Akaapa kwa mama yake kwamba aliiona. Wakabishana naye. Hulda peke yake ndiye hakubishana. Aliinuka akaenda kaburini kwa Kefa. Udongo ulikuwa bado umelowa ulanzi. Mahali alipoiweka taa palikuwa na kishimo tu, na kutoka kwenye kishimo kile, mstari mwembamba wa tairi ulikwenda moja kwa moja hadi barabarani.

Enoki akazikwa kando ya mdogo wake.

Hulda hakuhama. Aende wapi? Asubuhi za ukungu hufunga mlango, akakaa karibu na moto akisikiliza. Tiki, tiki, tiki hupita barabarani kwanza, nyepesi, bila haraka. Nyuma yake, kwi, kwi, kwi, huja mtu mzito, anajitahidi kumfikia aliye mbele.