Kiganja Kwenye Ubao wa Kichwani

"Huu mkono ni wa nani?"

Wapagazi wawili walioleta kitanda walikuwa bado mlangoni wanakunywa maji. Waliposikia ile sauti waliweka glasi chini wakaaga, hata hela ya soda hawakuomba.

Aliyeuliza ni dada mmoja ambaye sisi majirani tulizoea kumwita Kucha, kwa sababu kazi yake ni hiyo hiyo: kukata kucha, kupaka rangi, kubandika za bandia, pale saluni ya kona. Aliyeulizwa ni mchumba wake, fundi kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Bure. Harusi ilikuwa Jumamosi. Na mkono wenyewe ulikuwa kwenye ubao wa kichwani wa kitanda chao kipya, upande wa kulia karibu na ukingo, umezama ndani ya vanishi. Kiganja kizima, vidole vimetawanyika, na mbele ya kila kidole kimstari cha kucha ndefu. Kidole cha mwisho tu ndicho hakikuwa na kimstari.

Bure aliinama akautazama, akatabasamu. Wanaume wana tabia ya kutabasamu pasipostahili, sijui nani aliwafundisha.

"Kwani wewe huujui?"

"Ningeujua ningekuuliza?"

"Ni wako."

Kucha akacheka, kile kicheko kisichofika machoni.

"Wangu mimi? Mimi ambaye sijawahi kukanyaga kwa huyo seremala wako? Bure, mimi nashika mikono ya wanawake kutwa nzima. Huu ni mkono wa mwanamke, tena mwenye kucha za kutengenezwa, kashika kitanda changu kabla sijakilalia mwenyewe. Nataka kujua ni nani."

Tabasamu likamtoka Bure. Akauliza, taratibu kabisa, kama kweli hajawahi kufika karakana, hata kupita tu. Kucha akaapa kwamba hajawahi, na akaapa kwa jina la marehemu mama yake. 

Ngoja nikuelezee hicho kitanda kilivyokuja, maana bila hivyo utamlaumu asiyehusika.

Hawa wawili walikubaliana kuanza maisha bila mkopo. Kwenye maduka ya fanicha walizunguka wakatoka wameshika vichwa. Bure ndiye aliyekuja na wazo. Yeye kwenye kazi yake alikuwa hanunui programu hata moja. Alipakua zile ambazo waandishi wake wenyewe wamezitoa zitumike bila malipo, si za wizi, na akazitumia hizo hizo kuwapangia watu hesabu, kuchora, kukata video. Hata kadi za harusi yao alizichora kwa programu ya bure, na zilipendeza kuliko za binamu yangu aliyelipa studio. Sasa akauliza, kama programu zinapatikana hivyo, kwa nini fanicha zisipatikane? Akagundua kwamba kinachopandisha bei ya kitanda ni kule kung'aa kwake. Ukikinunua kikiwa mbao tupu, hakijapigwa msasa wala vanishi, bei inashuka mno, na kazi iliyobaki anaweza kuifanya mtu yeyote mwenye mikono na subira.

Mwenye karakana waliyeelewana naye alikuwa mwanamke. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Walimwita Dada Randa, alirithi karakana ya baba yake na alikuwa na mikono ya kubeba gogo peke yake. Walipatana hivi: Bure amwekee programu ya bure ya kuchorea makabati na ile ya kuandikia oda, amfundishe mpaka azoee, na yeye ampunguzie bei ya mbao tupu na kumwachia uwanja na brashi za kumalizia kazi. Hakukuwa na siri hata chembe. Bure alimsimulia mchumba wake kila kitu, na kosa lake ndilo hilo, alisimulia kupita kiasi. Leo Dada Randa kamwonyesha kwamba msasa unafuata mistari ya ubao, haukatizi. Kesho Dada Randa kashika kompyuta haraka mno, ana akili yule mtu. Keshokutwa Dada Randa kamchekesha. Mwenzangu, wewe ungevumilia?

Kucha alijikaza kisabuni. Alitikisa kichwa kukubali, akasema vizuri, akamwuliza kama huyo dada ameolewa, akaambiwa hajaolewa.  Halafu siku moja Bure yuko bafuni, simu mezani, ujumbe ukaingia:

"Kaka kesho usikose. Gundi ya kitanda imekauka, njoo tumalizie."

Aliusoma mpaka akaukariri. Neno "kaka" halikumpoza hata kidogo. Alichokiona yeye ni kitanda, na ile "tumalizie".

Kwa hiyo aliposema hajawahi kukanyaga kwa seremala, alidanganya. Jumanne ya wiki iliyopita alimwambia bosi wake wa saluni kwamba anakwenda kununua asetoni. Akazunguka nyuma ya karakana, akajibanza. Dirisha lilikuwa juu kidogo. Ukutani, chini yake, palikuwa na ubao umeegeshwa, akaukandamizia kiganja ili ajiinue kwa ncha za vidole vya miguu.

Ndani waliketi benchi moja, vichwa vimekaribiana juu ya kompyuta. Dada Randa akasema neno, Bure akacheka mpaka akafuta machozi, yule mwanamke akampiga bega. Hilo tu. Lakini Kucha alihesabu moyoni kwamba tangu waanze kupanga harusi Bure hajacheka hivyo mbele yake, na roho ikamuuma. Mbwa wa jirani akabweka. Akauvuta mkono kwa nguvu, ukanata, kucha ya kidole cha mwisho ikang'oka na utando wa vanishi, ikadondoka huko. Akarudi saluni mbio, kiganja kinanata, akakifuta kwa asetoni kama anavyofuta rangi ya mteja. Akabandika kucha nyingine. Hakujiuliza ameshika nini. Mtu mwenye wivu huangalia anachokitafuta tu, na yeye alikuwa na dirisha kichwani, hakuwa na ubao.

Basi turudi chumbani.

Shangazi yake Kucha, ndiye aliyemlea, alikuwa chumba cha pili anapima mapazia. Alikuja akakuta binti yake amevua pete ya uchumba ameiweka juu ya ubao wa kitanda.

"Shangazi, harusi hakuna."

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii na zote zijazo. Muulize mwanao huyu nani kamshikia kitanda."

Shangazi alikaa kwenye kigoda, akaomba aelezwe polepole. Bure akaeleza kwamba aliuona ule mkono siku ya kupaka vanishi ya pili, na kwamba anaamini ni wa Kucha, alipita akamkosa. Kucha akadakia kwamba hakupita. Shangazi akasema ikiwa ni hivyo, aliyeko karakana aitwe. Kucha akachukua simu ya Bure akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya nje.

"Halo kaka, kitanda kimefika salama?"

"Huyu si kaka yako. Njoo hapa sasa hivi, na mikono yako yote miwili."

Dada Randa alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi, kipande cha msasa kimechomoza mfuko wa suruali. Alimwamkia shangazi shikamoo, kisha akamgeukia Kucha.

"Wifi, habari za maandalizi?"

"Wifi wa nani? Weka mkono hapo."

Hakubishana. Aliuweka. Ukafunika ule wa kwenye vanishi wote ukapitiliza pande zote, dume la mkono, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, kidole gumba kimepinda kwa ajali ya msumeno. Hata kipofu angeona hauingiani.

Mtu mwingine hapo angeomba radhi. Kucha akapauka zaidi.

"Kumbe kuna wa tatu."

"Mwanangu," shangazi akasema, "pumua."

"Nipumue nini, shangazi? Nilikuwa nalala bila usingizi kwa ajili ya mmoja, kumbe wako wawili."

Dada Randa akamtazama Bure, akamtazama na Kucha, kama mtu aliyeingia katikati ya filamu. Akasema huo mkono anaujua. Siku walipouona alimwambia Bure aupige msasa autoe kabla ya vanishi ya pili, maana unaharibu kazi, na yeye hapendi kazi mbovu itoke kwake. Bure akakataa katakata. Akasema ni wa mchumba wake na utabaki hapo hapo.

"Mmepanga maneno," Kucha akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Tungepanga tungepanga mazuri zaidi. Ubao huu ulikaa nje siku moja tu, Jumanne, umeegeshwa chini ya dirisha vanishi ya kwanza ikauke. Sisi tulikuwa ndani, kompyuta imegoma, kaka yangu hapa ananicheka kwa sababu nimeandika oda ya kabati nikaituma kwa mchungaji. Aliyeshika hapa hakuwa na haja ya ubao. Alikuwa anachungulia dirishani."

Nilisema Kucha alikuwa na dirisha kichwani. Sasa ubao nao ukaingia. Alikumbuka kunata, akakumbuka mbwa, akakumbuka ile kucha.  Mkono wake wa kulia ukajificha nyuma ya gauni bila yeye kuutuma.

Shangazi hakupitwa na hilo.

"Weka wako tuone."

"Siweki."

"Kwa nini?"

"Nimeshasema sijawahi kufika huko."

Alikuwa ameapa kwa jina la mama yake, na mbele yake alisimama mwanamke ambaye yeye alimsingizia. Alitamani sakafu ipasuke. Akikubali, ni mwongo na mpelelezi. Akikataa, Bure ni mzinzi na Jumamosi imekufa. Akachagua kunyamaza, kama vile kunyamaza kungempa nafasi ya tatu.

Bure akanyoosha mkono kwa Dada Randa.

"Nipe huo msasa."

Akapiga goti kwenye mbao za kitanda. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilipouona huu mkono nilifurahi," alisema bila kumgeukia mtu. "Nikasema amekuja kuona kitanda chetu, akaona haya kuingia. Nimeupakia vanishi kwa brashi ndogo ili vidole visifutike. Sasa mwenyewe anasema si wake. Na mimi sitalala chini ya mkono wa mwanamke nisiyemjua."

Akauweka msasa kwenye kidole gumba, akavuta mara moja. Vumbi jeupe likadondoka kwenye mbao. Akavuta tena.

"Usifute."

Hakuacha.

"Bure, usifute. Ni wangu."

Msasa ukatulia. Kucha akasogea, akapanda kitandani kwa magoti, akauweka mkono wake juu ya ule mwingine. Kiganja kikakaa, vidole vikakaa, kucha zikagusa vimstari vyake kimoja kimoja. Kwenye kidole cha mwisho tu ile kucha mpya ilipitiliza.

"Ya zamani iling'oka hapa," akasema. "Nilikuwa dirishani. Nilikuja kukuchunguza."

 Dada Randa akasingizia kwamba ameacha gundi motoni huko karakana, akaishia uani. Shangazi akarudi kwenye mapazia yake, ingawa sidhani kama alipima hata moja, maana sikio lilikuwa huku.

"Nilijua umekuja," Bure akasema. "Nilichokuwa sijui ni ulikuja kufanya nini."

"Nilikuona unacheka naye. Mimi hunichekei hivyo siku hizi."

"Siku hizi nikikuchekea unaniuliza nacheka nini."

Hiyo ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Machozi yakaanza. Akamwambia wivu wake anaujua, anajitahidi nao, unamshinda. Akamwambia anaogopa kwamba mtu anayeweza kupata kila kitu bila kulipa, siku moja atamwona yeye ni ghali. Bure akageuka akamtazama.

"Umenitia aibu mbele ya mtu aliyetusaidia."

"Najua."

"Umeapa kwa mama yako."

"Hilo nitalibeba mimi mpaka kaburini kwake, nimwombe radhi. Wewe niambie kama nimekupoteza."

 Bure akachukua pete juu ya ubao, akaipangusa vumbi la msasa kwenye shati, akamwambia kwanza aende uani. Pete itamngoja.

Kucha akaenda. Alichomwambia Dada Randa sikukisikia, walikaa chini ya kamba ya nguo wakiongea kwa sauti ndogo. Nilichokiona ni kwamba Ijumaa yake, siku moja kabla ya harusi, fundi seremala alikaa saluni amenyoosha ile mikono yake mizito, na bibi harusi mwenyewe ameinama anaisugua, anaikata, anaipaka rangi nyekundu, hataki malipo.

"Na kidole gumba hiki, wifi?"

"Hicho ndicho nitakipaka mara mbili."

Jumamosi waliozwa. Jumapili mchana shangazi alipeleka vyombo vilivyosahaulika, akawakuta wote wawili wamepiga magoti kwenye godoro, kopo la vanishi katikati yao, Bure amefunga shuka kiunoni asichafue suruali. Pale gumba lilipokwaruzwa palikuwa pameshapakwa upya. Kwenye ubao, upande wa kushoto, palikuwa na vanishi mbichi inang'aa.

"Bonyeza," Kucha alikuwa anasema. "Bonyeza vizuri, mpaka kiganja kiingie."

Bure akabonyeza, akauondoa mkono unanata, akauliza sasa ameridhika.

Kucha akaitazama mikono yote miwili, wa kwake kulia, wa mumewe kushoto, akapima kwa macho nafasi iliyobaki katikati. Akachukua brashi, akaichovya, akapaka pale katikati vanishi nzito, kisha akaketi mbele yake kuilinda mpaka ikauke, asije wa tatu akaweka kiganja.