Jina Moja Kwenye Katalogi

Adhuhuri hiyo maktaba ya chuo mjini Kitui ilijaa hadi ngazini. Kaveke, mkutubi mwenye blauzi ya zambarau na miwani iliyomshuka puani, alimwona mwanamume wa shati la bluu akigombana na kompyuta.

"Madam, hii mashine inanichezea. Nimeandika 'magonjwa ya ndengu', zile za shambani, imeniletea vitabu mia tatu. Hadi vya kifafa!"

Kaveke akacheka. "Umeiambia itafute neno lolote. Weka maneno yote." Vikabaki tisa. "Sasa weka kifungu kamili." Kikabaki kimoja.

"Basi nitafutie na bibi hivyo hivyo."

"Uanze na mia tatu?"

"Nishapata mmoja."

Huyo ndiye Muindi, mwalimu wa kompyuta kutoka Kikima, ingawa katalogi ya maktaba ilikuwa ngeni kwake. Wakapendana. Kila Jumamosi walikaa bega kwa bega, Kaveke akilinganisha njia zile tatu kwa maneno ambayo wasomaji huandika kweli, na makosa yao na Kikamba chao. Kaveke aliandika ripoti, Muindi akapiga chapa.

"Mpenzi, hii ripoti itakufikisha mbali."

Muindi ndiye aliyefika mbali: akapata kazi mjini Wote, kwenye mradi wa maktaba.

Mwezi uliofuata, Kaveke akiwafunza wanafunzi wapya, alitaka kuwaonyesha kompyuta inavyosema haijapata kitu. Akaandika kichwa cha ripoti yake, ambayo hakuwa ameiwasilisha popote. Tokeo likaja, moja, kutoka mradi wa Wote. Mwandishi: Muindi. Wanafunzi wakapiga makofi.

Akatoka nje, akampigia simu.

"Baby, ningekuambia. Hiyo ni kazi yetu sisi wawili."

"Jina ni moja, Muindi."

"Si tunaoana Agosti? Jina langu si litakuwa lako?"

"Na langu lingekuharibia nini?"

Muindi akaanza kusema habari za harusi, Kaveke akamkatiza.

"Pigia bosi wako sasa hivi, nikisikia. Mwambie nani aliandika."

"Wacha wanithibitishe kazini kwanza. Ijumaa tu, sweetheart. Nakuomba."

Kaveke alikata simu. Kisha akampigia mama yake kijijini Kyuso.

"Mwaitu, wale mbuzi watatu wa posa walioletwa na kina Muindi wako wapi?"

"Wawili wako hapa, wananenepa. Mmoja si tulichinja wageni walipokuja? Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Nitanunua mwingine," Kaveke alisema. "Nataka warudi Kikima wakiwa watatu."