Kopo la Vidukari

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na Zakari, mtoto wa mjomba, tulikuwa tukichota maji kisimani na kumwagilia kabichi nyuma ya nyumba yetu ya Katuba. Kila mmoja alikuwa na tuta lake. Shamba lilikuwa la bibi yetu, Nkambo Mariam. Mwezi wa sita alituambia magoti yake yamechoka, na atakayevuna kabichi nzuri kuliko mwenzake ataachiwa shamba lote. Mimi Feza nililitaka shamba lile mpaka nikaliota.

Kwa hiyo nilichukua mbolea ya urea iliyobaki kwenye mahindi ya baba, nikatia ya kujaa mkono mzima kwa kila shina. Wiki iliyofuata nikatia tena. Majani yakawa mapana, laini, ya kijani kizito. Zakari alitia samadi ya mbuzi kidogo tu.

"Shu zako zimekonda kama weye," nilimcheka; kabichi sisi tunaziita shu.

Jumatatu moja nikageuza jani. Lo, vidukari! Wadudu wadogo wa kijivu walijaa chini yake wakifyonza utomvu, na majani ya katikati yalikuwa yamejikunja. Nikakumbuka kwamba jana yake Zakari alipita kando ya tuta langu na mzigo wa majani. Basi ni yeye, amenikung'utia wadudu wake. Sikumuuliza neno, maana mimi nikichokozwa siulizi.

Alipokwenda madrasa, nilikata majani yangu yaliyojaa vidukari, nikajaza kopo la maziwa, nikayapachika moja moja katikati ya kabichi zake. Moyo wangu ulitulia. Mchana ule hata bukari, ugali wetu, ilinoga.

Nikawa nachungulia kila siku nione anavyoumia. Siku kumi zikapita. Kwake vidukari walibaki wachache, na wadudu wekundu wenye madoa meusi walikuwa wakiwala. Kwangu walizidi kuongezeka. Hasira ilinipanda, nikamkimbilia Nkambo.

"Nkambo, Zakari iko na dawa anaficha! Niliweka vidukari kwake kopo nzima na hawamalizi mboga yake!"

Hapo nikatambua nimejitaja mwenyewe.

Nkambo alimwita Zakari, akamuuliza kuhusu ule mzigo wa majani.

"Nilipelekea mbuzi ya jirani, Mama Julienne," alisema. "Haikukuwa na mududu hata moja."

Nkambo akavunja jani la Zakari na jani langu. Langu lilikatika upesi, likatoa maji mengi.

"Ulitia nini hapa?"

"Urea."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Mkono mzima."

Akatikisa kichwa. "Urea kidogo inasaidia. Ikizidi, jani inakuwa laini, na utomvu yake vidukari wanaipenda sana. Wanashiba, wanazaa mbio. Zakari hakukuletea kitu. Weye mwenyewe uliwapikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nkambo hakuniacha hapo.

"Zako tutaosha na maji ya sabuni, na urea usitie tena. Shamba nampa Zakari. Na wale vidukari uliopeleka kwake, utawatoa mumoja mumoja."

"Nkambo, nilidhani ni yeye."

"Ndiyo, ulidhani. Uliona wadudu, ukatafuta muntu wa kulipiza, na muntu mwenye kutaka kulipiza haulizi tena. Ungeuliza kwanza mikono yako ilifanya nini, ungeokoa mboga yako na ndugu yako."

Nilimwomba Zakari msamaha. Akajibu "Nimesikia" bila kuniangalia, akaendelea kuchota maji.

Nikapiga magoti kwenye tuta lake, nikaanza kuponda vidukari kwa vidole. Hasira bado ilikuwa inanichoma, ila safari hii nilimjua wa kumkasirikia.