Upande wa Baridi

Siku moja saa za asubuhi baba yangu Leodgar alirudi kutoka kazini mapema, amebeba sanduku la kioo begani kama mtu anayehama. Alikuwa boi wa mzungu mmoja, mpima ardhi wa mgodi upande wa Geita, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pima. Bwana Pima alikuwa anakwenda kwao likizo, na ndani ya sanduku lile alikuwamo kipenzi chake.

Alikuwa mjusi. Si hawa wetu wa ukutani wanaokula mbu bila kuombwa. Huyu alitoka Bara Hindi, mnene, wa njano mwenye madoa meusi, mkia umevimba, na alikuwa na kope. Alifumba macho kama mtu. Mama yangu, Paskalia, ambaye ndiye aliyenisimulia haya, alicheka mpaka akashika tumbo, maana alikuwa na mimba. Mzungu ameshindwa kufuga hata kuku?

Kwa Bwana Pima sanduku lilipashwa joto kwa balbu. Nyumba ikifungwa, umeme wa mgodi ulikatwa, kwa hiyo baba angetumia taa ya chemli. Masharti aliyarudia kwa sauti kama mtoto wa mafundisho ya komunyo. Taa ikae nje ya kioo, upande mmoja tu. Upande wa pili ubaki baridi, mjusi achague mwenyewe. Usiku apate joto bila mwanga, bati liwekwe katikati ya taa na kioo. Kifuniko cha wavu kisizibwe. Na moto usiwekwe chini hata kidogo, kwa sababu mjusi yule hulalia kitu cha moto, tumbo likaungua, asijue.

"Asijue?" mama aliuliza.

"Hajui. Anaona raha tu mpaka anaiva."

Mama alicheka tena. Aliniambia kwamba hakuwahi kucheka vile tena maishani.

Kipupwe kilipoingia, alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alienea kwenye viganja viwili na ngozi yake ilikuwa baridi. Baba alimbatiza palepale kwa maji ya kikombe, akamwita Otmar, kwa kuwa hakuna aliyetegemea afike kwa padri. Bibi Justa, mama yake mama, akaja kutoka Ushirombo kumtunza mzazi.

Nyinyi msioujua ukwe wa zamani, nisikilizeni. Baba hakuruhusiwa kumtazama mama mkwe wake, kumsogelea, wala kuingia chumba alimo. Akiwa na neno alilituma kwa mkewe. Tangu bibi alipofika, chumba cha mzazi kilifungwa kwa baba, na sanduku lilikuwa humo humo. Kila jioni aliisukuma chemli mlangoni akiwa amegeuza uso, mama akaipokea na kuiweka mahali pake.

Bibi alipoona mjukuu hapati joto, alikwenda kwa mganga mmoja aliyeitwa Bujiku, akarudi na nyuzi mbili nyeusi.

"Huyu hana joto lake," alimnong'oneza mama. "Ataazimwa."

Uzi mmoja akaufunga kiunoni kwa Otmar. Wa pili akaufunga kwenye mkia wa mjusi. Mama alikuwa mtu wa rozari kila jioni, lakini alinyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mtoto akapata joto. Akanyonya, akalia kwa sauti. Mama alifurahi mpaka akaogopa kufurahi. Kisha akaanza kuona mambo. Mjusi alipofumba macho, Otmar alifumba. Mjusi alipohamia upande wa baridi, miguu ya mtoto ilipoa. Mchana mmoja upepo uliizima chemli, na kabla mama hajapata kiberiti midomo ya mwanawe ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Taa ilipowaka, uhai ukarudi. Tangu hapo mama hakulala. Alikaa akiitazama ile taa.

"Baba Otmar," alinong'ona mlangoni, "mjusi huyu akifa..."

"Usimalizie," baba alijibu kutoka nje.

Siku mafuta ya taa yalipokwisha, duka la karibu halikuwa nayo. Baba akaondoka mchana kuyatafuta mbali zaidi. Mama, aliyekuwa amechoka kupita kiasi, alisinzia mtoto akiwa kifuani. Bibi akagusa kioo. Kilikuwa baridi.

Akafanya alichowafanyia wazazi wote aliowahi kuwatunza. Kwao mwanamke akijifungua, hutiwa moto chini ya kitanda. Bibi alichota makaa jikoni, akayaweka kwenye kigae, akakisukuma chini ya kitanda cha mama. Akachota mengine. Akaliinua sanduku juu ya mafiga aliyoyatoa jikoni, akatia makaa chini yake. Halafu akavua kanga aliyojifunga akafunika wavu, joto lisitoke. Akajilaza mkekani jinsi alivyokuwa, akapitiwa na usingizi. Kwa nini nimlaumu? Masharti hakuna aliyempa. Baba hakuweza kusema naye, na mama alidhani taa itatosha siku zote.

Jua lilikuwa linazama baba aliporudi na mafuta. Alisikia harufu akiwa bado uani.

"Mama Otmar."

Akachungulia kwenye ufa wa mlango. Aliona wekundu chini ya sanduku. Na kati ya mlango na sanduku alimwona mama mkwe wake, amelala, hana nguo.

Aligeuza uso. Akakohoa. Akaita. Akapiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Mlango haukuwa na komeo. Angeusukuma tu. Mguu haukuvuka. Nilimchukia baba kwa hilo miaka mingi, na sina hakika kama nimeacha.

Ngumi ndizo zilizomwamsha mama. Otmar alikuwa macho, ametulia kifuani pake. Alikuwa na uso wa raha.

Mama akamshika tumbo. Lilikuwa la moto.

Akafunua kitambaa. Ngozi ya tumbo ilikuwa imeiva. Kitambaa chenyewe hakikuungua. Kitanda hakikuungua.

Mama aliruka, akaivuta ile kanga. Wavu ulikuwa umefungwa vilevile. Mjusi hakuwamo.

Mkia ulikuwamo. Mkia peke yake, na uzi wake. Ulikuwa unajipinda juu ya jiwe alilozoea kulalia mjusi. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Ukaacha.

Na Otmar akaacha.

Walimzika kesho yake. Bibi alirudi Ushirombo bila mtu kumwambia alichokosea, na alikufa akiamini makaa yalichelewa. Bwana Pima aliporudi alilitazama sanduku, akasema halitaki. Mama aliapa kulivunja, asiweze. Maana kila kipupwe, asubuhi, kioo kiliingia ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu ule, upande wa baridi, palikuwa na alama ya kiganja kidogo, vidole vyote vimetandazwa. Mama alilihamishia sanduku kivulini. Alililaza penye mtungi. Alilimwagia maji huku akilia. Mpaka anakufa hakuwasha tena moto ndani ya nyumba ile, na haikusaidia kitu.

Sasa sanduku ninalo mimi. Mama aliniambia alama ya kwanza haikuzidi ukubwa wa jani la mchicha. Leo asubuhi nilipiga magoti nikaweka kiganja changu juu yake. Sasa changu ndicho kidogo.

Na upande wa baridi nao ulikuwa wa moto.