Mlinzi wa Daraja Hafi

Fundi saa alikuwa ameshaing'oa mashine ya ile saa kubwa ya ukutani na kuilaza mezani juu ya kitambaa, lakini boksi lake la mbao, tupu kabisa, liliendelea kugonga taratibu. Alijiambia ni saa nyingine za dukani. Mtu aliyejaa wivu hana nafasi ya kuogopa mbao.

Na wivu alikuwa nao wa kumtosha yeye na majirani. Kila Jumapili alasiri alifunga duka akaendesha mchezo wa kusimulia: yeye anatunga hatari, wachezaji wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, kila mmoja na karatasi yenye maelezo ya mtu wake, na dado ndilo linaloamua nani apone. Wachezaji walikuwa mkewe, shemeji yake na mwalimu jirani. Mkewe alikuwa mlinzi wa daraja, na kwa miaka mitatu mlinzi huyo hakuwahi hata kukwaruzwa, kwa sababu fundi alirusha dado nyuma ya kipande cha katoni, na likitoka moja, yaani kifo, alitangaza nne bila kupepesa macho. Alimpenda mno mkewe. Hata kwenye karatasi hakuweza kumwua. Basi nani angeogopa? Dubwana linatokea, mwalimu anamenya karanga.

Ndipo mpiga picha wa ng'ambo ya barabara naye akaanzisha meza yake ya mchezo huo huo. Mkewe akaenda mara moja tu, kujaribu, akarudi na viganja vya baridi na macho yanayong'aa, akamsifu mpiga picha kuanzia mlangoni hadi kitandani.

"Kwake unaogopa kweli," alisema. "Kwako najua nitapona."

Maneno hayo yalimkwama fundi kama mwiba wa samaki. Kesho yake, peke yake dukani, alinung'unika kwamba angempa chochote yule atakayemfundisha kutisha watu. Boksi likaacha kugonga. Sauti ya kike, ya karibu sana, ikasema, "Nitakufundisha. Ila usinidanganye."

Jumapili iliyofuata duka lilinuka maji ya waridi yaliyochacha. Kila dado liliporushwa, saa zote zilisimama, zikasubiri, zikaendelea. Fundi alipofungua mdomo kuigiza dubwana, sauti iliyotoka haikuwa yake. Dubwana lilipomwuma mguuni mtu wa shemeji, shemeji akapeleka mkono chini ya meza akakuta suruali yake imelowa damu. Wakasema ni msumari. Fundi alijua si msumari, akanyamaza, kwa sababu mwalimu alikuwa amesahau karanga mdomoni na mkewe alikuwa anamtazama yeye, si mwingine. Wiki iliyofuata wote waliwahi, shemeji akichechemea. Mpiga picha hakutajwa tena, na fundi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Siku hiyo ikafika zamu ya mlinzi wa daraja. Dado likatoka moja.

"Nne," akasema fundi.

Saa zote zikasimama, na safari hii hazikuendelea, na harufu ya waridi ikapanda hadi ikawa chungu ulimini, na ile katoni ikaanza kuinama polepole kuelekea kwa wachezaji, kana kwamba kuna kidole kinaisukuma kwa nyuma, mpaka ikalala na kila mtu akaliona dado, na fundi alipoligeuza likajigeuza tena, moja, huku mkewe akishika kifua, pumzi zikimkatika, na ile sauti ikitoka kwenye koo la fundi mwenyewe:

"Wenzake unawaacha waumie. Huyu tu ndiye unayemdanganyia. Mimi niliyekupa kila kitu, unanilipa uongo. Nataka mahali pake."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi alikuwa analia. Mkewe aliutazama mguu wa shemeji, kaka yake, akaelewa kwamba kinachompata mtu wa kwenye karatasi humpata mwenye karatasi. Kisha akamtazama mumewe.

"Miaka mitatu," alinong'ona. "Kumbe sijawahi kushinda hata mara moja."

Akainuka kwa shida, akaiweka karatasi ya mlinzi juu ya kiti chake. "Karibu, dada. Unataka mahali pangu? Kaa. Mlinzi wa daraja ni wako." Kiti kikalia kwa uzito. "Sasa, mume wangu, soma dado."

"Moja," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza alisema kweli.

Karatasi ikapasuka katikati, kiti kikaanguka, saa zote zikagonga kwa pamoja. Mkewe akavuta pumzi ndefu.

Walipumzika mwezi mzima. Walipocheza tena, katoni haikuwepo. Dado lilirushwa mbele ya wote. Mkewe alikuja na karatasi ya mtu mpya wa hadithi, na kabla ya kuanza akavuta kiti kitupu, akakiweka kando yake. Hakuna aliyemwuliza.

Mkewe akarusha dado. Moja.

Kabla fundi hajafungua mdomo, dado likajipindua lenyewe, taratibu, likalala kwenye sita. Shemeji na mwalimu wakamgeukia.

"Sijaligusa," alisema fundi.

Mkewe hata hakumsikia. Alikuwa amekiinamia kile kiti kitupu, na tabasamu alilokipa kiti hicho, fundi hakuwahi kulipewa tangu waoane.

"Asante, dada," alinong'ona, na nywele zake zilinukia maji ya waridi.

Fundi alitamani sana angekuwa bado anamwonea wivu mpiga picha.